Alama za Kuuliza

Makosa ya programu za kompyuta ni ya namna mbili. Kuna yapigayo kelele, na kuna yanyamazayo. Watu wengi huyachukia yale ya kwanza kwa sababu huwaaibisha mbele ya wageni: ukurasa hukataa kufunguka, au hujaa mistari ya Kiingereza toka juu hata chini, na kazi husimama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si mtunga programu. Walakini nimepata sababu ya kuyapenda makosa hayo na kuyaogopa yale mengine. Nataka kuieleza sababu hiyo hapa, maana naona kuwa inawahusu wanafunzi wa lugha kama inavyowahusu wanafunzi wa hesabu na mitambo.

Kwa miaka kadhaa idara yetu imekuwa ikikusanya tungo za kale kwa hati za Kiarabu. Wanafunzi hupiga picha madaftari ya wazee, kisha hukaa na kunakili kila ubeti katika fomu ya programu ya wavuti. Hati za Kiarabu hutangulia. Hati za Kirumi na maelezo hufuata baadaye, pengine baada ya miezi, kwa kuwa kuzisoma tungo hizo sawasawa ni kazi ya watu wawili au watatu wenye subira. Programu yenyewe imetungwa kwa Java, lugha iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Hapo kwanza iliitwa Oak, yaani mwaloni, halafu jina likabadilishwa ikapewa jina la kahawa. Kwa mtu wa pwani jina la kahawa ni ahadi ya mazungumzo marefu, na ahadi hiyo kwetu imetimizwa.

Programu ya namna hii hukaa ndani ya seva, nayo ya kwetu huitwa Tomcat. Seva hupokea ombi kutoka kivinjari cha mwanafunzi, hulipeleka kwa sehemu ya programu inayohusika, na programu huliweka neno katika hifadhidata. Basi neno likitoka kidoleni mwa mwanafunzi hupita kivinjari, seva, programu na hifadhidata kabla ya kulala, na likitakiwa kusomwa hupita njia ile ile kurudi. Msomaji aishike milango hiyo, maana tutaipita tena mmoja mmoja.

Niyaseme kwanza makosa ya kelele. Lililo mashuhuri kuliko yote ni NullPointerException: programu imeamriwa kufanya kazi na kitu fulani, na mahali pa kitu hicho hapana kitu. Tony Hoare, mtaalamu wa Uingereza aliyeingiza rejeo tupu katika lugha ya programu mwaka 1965, alisema mwaka 2009 kwamba lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja. Kosa hilo likitokea, Java huandika katika kumbukumbu za seva mfululizo wa miito: nani alimwita nani, katika mstari wa ngapi, mpaka mahali palipovunjika. Mfululizo huo huweza kupita mistari mia, kwa kuwa aghalabu kosa moja hufungwa ndani ya jingine kama barua ndani ya bahasha tatu. Nimewaona vijana wenye akili wakisoma mstari wa juu tu, wakaona jina refu, wakafadhaika, wakaizima seva na kuiwasha tena. Sharti mtu ateremke mpaka mahali pa mwisho paandikwapo maneno ya Kiingereza yenye maana ya "limesababishwa na". Hapo ndipo penye chanzo. Kisha atafute chini yake mstari wa kwanza wenye jina la programu yake mwenyewe, kwani mistari ya Tomcat na ya maktaba nyingine ni mashahidi waliokuwa wakipita njia. Tangu toleo la 15 la Java, la mwaka 2020, ujumbe wenyewe hutaja bila kuombwa ni kitu gani kilichokuwa tupu. Asiyesoma baada ya hapo hana udhuru.

Mengine ya jamii hii ni mepesi zaidi. Tulipohamia Tomcat ya 10, programu yetu ilikataa kabisa kuanza, ikilalamika kwamba haikuyaona madarasa iliyoyazoea. Sababu yake haikuwa siri: baada ya kazi ya Java EE kukabidhiwa Eclipse Foundation, majina ya vifurushi yaliyokuwa yakianza na javax yaligeuzwa yakaanza na jakarta, na Tomcat ya 10 inayajua haya mapya tu. Ilikuwa kazi ya siku mbili ya kuchosha, lakini haikumtia mtu hofu. Programu iliyokataa kuanza haiwezi kuharibu neno la mtu.

Hofu ilikuja baada ya programu kukubali kuanza.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu kuhama. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili alifungua ubeti alioutaka kwa tasnifu yake, akaja ofisini kwangu na kompyuta mkononi. "Mwalimu," akasema, "ubeti huu umejaa maswali matupu." Nilitazama. Mahali pa hati za Kiarabu palikuwa na alama za kuuliza zimepangwa safu, zimetengwa kwa nafasi kama maneno yatengwavyo, na hapana herufi hata moja. Tukafungua ubeti wa pili, ukawa vile vile. Wa tatu ulikuwa mzima. Wa nne umekwisha. Katika kumbukumbu za seva hapakuwa na mstari wowote wa lawama. Kwa hesabu ya seva, wiki tatu zile zilikuwa wiki za amani.

Utungo wenyewe ulikuwa wa mzee mmoja wa Pate, aliyefariki mwaka uliotangulia. Beti nyingine alikuwa nazo katika daftari. Nyingine alikuwa nazo kichwani tu, akazitoa siku alizokaa na wanafunzi wetu, wao wakiandika na yeye akisoma kwenye kioo na kusahihisha. Hakuwa akisoma hati za Kirumi, ndiyo sababu hati za Kiarabu peke yake ndizo zilizoandikwa. Basi kwa beti hizo za kichwani, daftari lilikuwa hifadhidata.

Ushauri ulikuja kwa wingi. Mmoja alisema ni fonti, kompyuta haina maumbo ya herufi. Huyu alikuwa na haki ya kuulizwa kwa nini basi ubeti wa tatu ulionekana. Mwingine alitaka seva izimwe na kuwashwa. Wa tatu, mwenye moyo mwema kuliko wote, alikwisha kukaa kitini ili aanze kuandika upya beti alizozikumbuka. Nilimzuia. Kama kuhifadhi ndiko kunakoharibu, kila ubeti utakaohifadhiwa leo utakufa leo. Tukakubaliana kwamba mtu yeyote asihifadhi neno mpaka tujue ni mlango gani unaokula herufi.

Kijana aliyekuwa akiitunza programu alikuwa mpya. Waliomtangulia wawili walikwisha kuondoka. Nilimwomba tuchague herufi moja tu na kuisindikiza. Tulichagua چ, che yetu, ambayo haimo katika herufi 28 za Kiarabu na kwa hiyo haiwezi kupenya kwa bahati. Herufi hiyo katika mpango wa Unicode ina namba 0686, na ikiandikwa kwa kanuni ya UTF-8 huwa baiti mbili, DA na 86. Kivinjari tulikiona kikizituma baiti hizo hizo. Mlango wa kwanza mzima. Ndani ya programu tuliiuliza idadi ya herufi ilizopokea na namba yake. Ikajibu moja, 0686. Hapa pana jambo la kuangaliwa: tuliuliza namba, hatukuomba herufi ichapishwe katika kumbukumbu, maana kumbukumbu nazo zina kanuni yake ya kuandika, na zingeweza kutuonyesha alama ya kuuliza ambayo haikuwamo. Kisha tukaitazama hifadhidata, tukaiamuru itoe baiti zenyewe. Ikatoa 3F.

Hiyo 3F ndiyo namba ya alama ya kuuliza. Herufi haikufichwa, haikuvaa sura nyingine; iliondolewa na nyingine ikawekwa. Kati ya 0686 na 3F palikuwa na mstari mmoja wa programu, na kijana aliusoma kwa sauti mara mbili kabla ya kuuelewa.

Mstari ule ulikuwa dawa ya zamani. Kwa desturi ya servleti, ombi lisilotaja kanuni ya herufi husomwa kwa ISO-8859-1, jedwali la nafasi 256 lililopangwa kwa lugha za Ulaya ya magharibi. Che ikifika hapo, baiti zake mbili husomwa kama herufi mbili za kigeni, ya kwanza ikiwa Ú. Mtunga programu wa kwanza aliliona jambo hilo, na badala ya kuiambia seva isome kwa UTF-8, aliandika mstari wa kutibu: lichukue neno, livunje kuwa baiti kwa ISO-8859-1, kisha zisome baiti hizo upya kwa UTF-8. Dawa ilifanya kazi kwa miaka. Sina lawama kubwa juu yake. Walioitumia ulimwenguni ni wengi. Aliyemfuata, wakati wa kuhamia seva mpya, alifanya lililo sawa: aliweka kichujio mbele ya programu kinachoamuru kila ombi lisomwe kwa UTF-8. Ila hakuuondoa mstari wa zamani. Sasa neno liliingia likiwa zima, na dawa ikalikuta zima. Ikalivunja kwa ISO-8859-1. Na kwa kuwa jedwali lile halina che, wala alifu, wala herufi yoyote ya Kiarabu, Java iliweka alama ya kuuliza mahali pa kila moja, ikaendelea na safari. Mgonjwa alikwisha kupona, na dawa haikukoma kutolewa.

Napenda wanafunzi watofautishe magonjwa mawili yanayofanana kwa mbali. Ukiona maandishi ya Kiarabu yamegeuka kuwa msitu wa Ø na Ù na Ú, usikate tamaa. Baiti zote zimo. Zimesomwa kwa jedwali lisilo lake, na mtu mwenye kujua njia waliyopitia aweza kuzirudisha. Lakini ukiona alama za kuuliza, tazama upesi kama zimo katika ukurasa tu au zimo katika hifadhidata. Zikiwa katika ukurasa tu, herufi zimekwama katika mlango wa kutokea, na mlango hutengenezwa. Zikiwa katika hifadhidata, hakuna fundi awezaye kuzirudisha, kwa kuwa che na alifu na mimu zote zimekuwa kitu kimoja, na katika kitu kimoja hapana alama ya kilichokuwapo.

Katika historia ya hati zetu jambo hili si geni. Herufi za Kiarabu hazikuwa na p wala v wala g, na waandishi wengi wa pwani waliandika p kwa be na v kwa fe, wakimwachia msomaji kazi ya kupambanua. Jedwali lilikuwa jembamba kwa lugha yetu hata wakati ule. Wahariri wa mashairi ya Muyaka na ya wengine wameumwa vichwa kwa sababu hiyo. Lakini mwandishi aliyeweka be mahali pa p aliacha njia: msomaji anajua ni be, p au mb, na maana ya maneno humwongoza. Hakuwapo mwandishi aliyekuwa akikutana na sauti asiyokuwa na herufi yake akaweka nukta ile ile moja kwa sauti zote, kisha akafunga kitabu na kusema nimenakili. Java ilifanya hivyo, na ilifanya kwa adabu. Laiti ingepiga kelele siku ya kwanza, tungalipoteza ubeti mmoja.

Jambo lililonisikitisha kuliko yote ni namna uharibifu ulivyoenea. Beti zilizoandikwa kabla ya kuhama zilikuwa salama madhali hakuna aliyezigusa. Lakini fomu ilikuwa ikituma ubeti wote kila ilipohifadhiwa, hata kama kilichobadilishwa ni mkato mmoja katika maelezo. Msaidizi wetu mwangalifu kuliko wote, aliyerudi kila jioni kusahihisha maelezo yake, ndiye aliyepitisha beti nyingi zaidi katika mstari ule. Mvivu aliyekuwa hajafungua kitu kwa mwezi mzima, beti zake zilikuwa nzima zote. Na nakala za akiba? Zilifanywa kila usiku bila kukosa na kuwekwa siku 7, kisha mpya ikaifuta ya zamani. Baada ya wiki tatu tulikuwa na nakala saba safi za alama za kuuliza.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua muda. Mstari wa dawa ulikuwa umenakiliwa mahali 19 katika programu, ukaondolewa pote. Kichujio kikawekwa mbele ya vingine vyote, kwa kuwa amri ya kubadili kanuni ya kusoma haina nguvu ikiwa sehemu yoyote imekwisha kusoma neno katika ombi. Mahali palipobaki penye haja ya kugeuza herufi kuwa baiti, kijana alitumia njia ya Java inayokataa na kutoa kosa badala ya kubadilisha kimya. Pia aliandika jaribio linalopeleka پ, چ, ڤ, گ na ڠ mpaka hifadhidata na kuzirudisha, nalo hufanyika kila programu inapobadilishwa. Mtu mmoja alimwambia kwamba taabu hii imekwisha tangu Java ya 18 ya mwaka 2022, iliyoifanya UTF-8 kuwa kanuni ya kawaida. Ni kweli kwa faili na mengineyo yanayotegemea kanuni ya mashine. Haiugusi mstari unaotaja ISO-8859-1 kwa jina lake.

Beti zilizoharibika zilikuwa 68. Kati ya hizo 41 zilikuwamo katika daftari la mzee, zikanakiliwa upya. Nyingine 16 zilikuwa zimerekodiwa kwa simu, sauti ya mzee pamoja na ya kuku na ya watoto, tukaziandika kwa kusikiliza. Zikabaki 11.

Hapo ndipo alama za kuuliza zilipoanza kutufaa. Katika Unicode irabu za Kiarabu nazo zina namba zao, kila moja peke yake; kwa hiyo fataha iliyo juu ya herufi iligeuka kuwa alama yake, mbali na herufi yenyewe. Nafasi kati ya maneno hazikuguswa, kwa kuwa jedwali la 256 linazo. Neno "kama", likiandikwa kwa herufi mbili na irabu mbili, limeacha alama nne. Basi tulijua idadi ya maneno katika kila kipande, na kwa kila neno tulijua jumla ya herufi na irabu zake. Utenzi huwa na mizani nane katika kipande, na kipande cha nne hushika kina kimoja toka mwanzo hata mwisho. Tulikuwa na mifupa kamili isiyo na nyama.

Mwenzangu mmoja katika idara, mshairi hodari, alitaka tuijaze. Alisema kina kinajulikana, mizani yajulikana, idadi ya maneno yajulikana, na habari inayosimuliwa yajulikana kwa beti za kabla na za baada. Alijaza mbili mbele yangu kwa robo saa, na zilikuwa nzuri. Nasema kweli, moja ilikuwa nzuri kuliko baadhi ya beti za mzee. Nilikataa, na tulibishana kwa siku nyingi, wala yeye hajaridhika hata leo. Sikuona tofauti kati ya kazi yake na ya mstari ule wa programu, isipokuwa kwamba mstari uliweka alama ambayo kila mtu aliiona kuwa si neno, ilhali ubeti wake ungesomwa na watoto wa watoto wetu kama neno la mzee.

Tukakata shauri kuzichapa beti 11 kwa nukta, kila nukta mahali pa alama moja, na nafasi kama zilivyokuwa. Baadaye mpwa wa marehemu, mwanamke mtu mzima, alipata habari akatutumia beti mbili alizozikumbuka kwa kumsikia mjomba wake akizisoma. Tuliziandika kwa hati za Kiarabu kwa desturi ya mzee mwenyewe katika daftari lake, kisha tukahesabu. Ubeti wa kwanza ulilingana na nukta zote, neno kwa neno, tukaurudisha mahali pake. Katika wa pili, neno la tatu la kipande cha nne lina herufi na irabu 10 kwa kumbukumbu ya yule bibi, na hifadhidata inaonyesha 8. Tulimuuliza tena kwa simu. Alisoma vile vile, bila kusita. Ubeti wake tumeuchapa chini ya ukurasa pamoja na maelezo, na juu tumeziacha zile nukta 8.